Je, Wajua? Mpira kutua nyuma ya mstari si lazima liwe goli

Mpira unaweza kutua nyuma ya mstari, jukwaa zima la CCM Kambarage pale Shinyanga likalipuka, na bado lisiwe goli. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote, kati ya nguzo na chini ya mtambaa panya.

Mpira una kipenyo cha sentimita 22 hivi. Sehemu inayogusa nyasi ikipita mstari kwa sentimita 10, ubavu bado unaning'inia juu ya chokaa. Mchezo unaendelea!

Yanga wanayajua maumivu haya. Aprili 5, 2024, mjini Pretoria, kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mtambaa panya, likadunda chini. VAR haikulipa goli. Mamelodi Sundowns wakasonga kwa penalti 3-2.

Na hata mpira ukivuka wote, huenda lisiwe goli: mpira wa kurusha ukiingia moja kwa moja golini kwa wapinzani ni goli kiki. Ukijirushia golini kwako? Kona tu, pamoja na aibu.

Na goli moja si dogo. Msimu wa 2021/22, George Mpole wa Geita Gold aliibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 17. Fiston Mayele wa Yanga alikuwa na 16.