Dumu la dawa ya magugu lisiwe dumu la udhu

Mvua zikianza Kasulu na Kibondo, mwezi wa Oktoba au Novemba, mahindi na maharage huota pamoja na magugu, na hapo ndipo kazi nzito inapoanza. Palizi ya jembe la mkono inavunja mgongo, na mara nyingi mgongo wenyewe ni wa mama na watoto. Si ajabu basi mkulima akipata fedha kidogo hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya kuua magugu. Hatumlaumu. Tunalozungumzia hapa ni afya yake na ya wale anaoishi nao.

Tatizo la kwanza ni dumu. Dawa ikiisha, dumu huoshwa kwa sabuni likaanza kuchotea maji. Maji hayo hunywewa nyumbani, na mengine ndiyo ya udhu. Tukumbuke kuwa anayetawadha husukutua na kupandisha maji puani, na hurudia hivyo kila siku. Sumu huingia ndani ya plastiki na sabuni haiiondoi yote. Dumu la dawa lisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yamiminwe ndani ya bomba la kunyunyizia, si mtoni, kisha litobolewe. Kulitoboa kunauma, maana kijijini dumu ni mali, lakini litobolewe.

Dawa zenyewe hazifanani. Parakwati, mtu akimeza hata funda moja, inaweza kumuua kwa kuharibu mapafu, na haina dawa ya kuitengua. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2007. Hatari huzidi pale inapohamishiwa kwenye chupa ya soda. Ama glaifoseti, mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka katika kundi la vitu ambavyo yumkini vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine, ikiwemo ya Marekani, hazikukubali. Wakati wataalamu wanabishana, anayenyunyiza peku, bila glovu, huku upepo ukimrudishia usoni, amekwishapata fungu lake.

Je, inawezekana kuyashinda magugu bila dawa? Huko Denmark imetengenezwa mashine iitwayo FarmDroid, inayotumia umeme wa jua. Hupanda mbegu yenyewe, hukumbuka kwa msaada wa satelaiti mahali kila mbegu ilipoangukia, kisha hurudi kukata magugu pembeni yake bila tone la dawa. Hatutarajii kuiona Kibondo karibuni, na bei yake si ya mwenye ekari mbili. Lakini siri yake haihitaji satelaiti: ni kujua mbegu iko wapi na kuyawahi magugu yakiwa machanga. Kamba na vijiti vinatosha. Mahindi yaliyopandwa kwa mstari hupaliliwa upesi kuliko yaliyotawanywa ovyo, na mwenye ng'ombe anaweza hata kuwapitisha na palizi ya kukokota. Palizi ya kwanza ifanyike wiki mbili au tatu baada ya mahindi kuota, ya pili wiki chache baadaye. Maharage yakiwa katikati ya mistari hufunika ardhi. Kwenye migomba na kahawa, matandazo ya majani makavu huyanyima magugu mwanga. Sangari na ndago ni wakaidi. Ukizikata tu huchipua tena, kwa hiyo zichimbuliwe na mizizi ianikwe juani.

Anayelazimika kunyunyiza avae buti, glovu, nguo ya mikono mirefu na kitu cha kufunika pua na mdomo, asile chochote mpaka anawe. Aoge kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto na kabla ya kwenda msikitini, na nguo zake zifuliwe peke yake. Mtu akimeza dawa, asitapishwe wala kunyweshwa maziwa kwa kubahatisha. Akimbizwe hospitali, na dumu lenye lebo lipelekwe pamoja naye, daktari aone ni sumu gani.