Mlinda mlango wa bei nafuu: hesabu za Jumamosi mtaani Aziziya

Saa za Saudi Arabia na za Afrika Mashariki ni zile zile, na jambo hilo dogo lina uzito kwa waliokwenda huko kutafuta riziki. Mechi ya kwanza ya Jumamosi katika Ligi Kuu ya England inapoanza saa nane na nusu mchana, nafasi ya kubadilisha wachezaji katika mchezo wa Fantasy Premier League hufungwa dakika 90 kabla, yaani saa saba kamili. Dereva aliyepanga chumba Aziziya ya Jeddah, fundi anayeishi Aziziya nyingine, ile ya kusini mwa Riyadh ambako mabasi ya mikoani yamekuwa yakianzia safari kwa miaka mingi, na ndugu zao walioko Mombasa na Tanga, wote hukabiliwa na dakika hiyo moja. Majira ya baridi Waingereza hurudisha saa zao nyuma, nasi tunapata hadi saa nane. Wanapozisogeza mbele tena mwezi Machi, wapo wanaochelewa.

Mchezo huo, ulioanza mwaka 2002, ni wa bure na una washiriki zaidi ya milioni 10 duniani. Kila mmoja hupewa paundi milioni 100 za kubuni anunue wachezaji 15: walinda mlango wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu, bila kuzidisha watatu kutoka klabu moja. Wachezaji hao huvuna pointi kwa yale wanayoyafanya katika mechi za kweli. Marafiki huweza kuunda ligi yao ndogo kwa namba ya siri, na ndivyo kaka aliyeko Jeddah anavyoweza kushindana na mdogo wake ambaye hajamwona kwa miaka minne.

Ubishi wa kila Agosti hauhusu nani ni mchezaji bora. Hilo hata mtoto analijua, na bei yake imeshapanda. Ubishi ni kuhusu nani anauzwa kwa bei iliyo chini ya thamani yake, na kwa maoni yangu utafutaji huo uanzie langoni.

Mlinda mlango hupata pointi 2 akicheza dakika 60 au zaidi, 4 timu yake isipofungwa, na 1 kwa kila mikwaju mitatu anayookoa. Akizuia penalti hupata 5. Timu kubwa hufungwa mara chache, ndiyo sababu walinda mlango wake huuzwa ghali. Lakini mlinda mlango wa timu kubwa hutumia sehemu nzuri ya mchana wake akitazama mpira kama sisi. Mwenzake wa timu ya kati hushambuliwa, na kila mkwaju anaoudaka humkaribisha kwenye pointi nyingine. Kwa hiyo tofauti ya pointi kati yao huwa ndogo kuliko tofauti ya bei, na mara nyingine mambo hupinduka kabisa.

Msimu wa 2020/21 Ederson wa Manchester City alianza kwa paundi milioni 6.0. Alimaliza mechi 19 bila kufungwa na kutwaa tuzo ya mlinda mlango aliyeongoza kwa kutofungwa. Emiliano Martínez wa Aston Villa alianza kwa milioni 4.5 na hakufungwa katika mechi 15. Hata hivyo, hesabu ya mwisho ilimpa Martínez pointi 186, na hakuna mlinda mlango aliyemfikia. Msimu uliotangulia Nick Pope wa Burnley, aliyeanza kwa milioni 4.5 vilevile, aliwaongoza wote kwa pointi 170. Aliyechagua hivyo alibaki na milioni 1.5, nazo zinatosha kumgeuza kiungo wa kukalia benchi kuwa kiungo wa kutegemewa.

Kwa nini basi Martínez aliuzwa rahisi? Bei hupangwa kabla ya msimu, kwa kumbukumbu ya mwaka uliopita. Villa ilikuwa imenusurika kushuka daraja siku ya mwisho ya ligi, Julai 2020, ikishika nafasi ya 17. Martínez mwenyewe alikuwa amekaa miaka mingi Arsenal kama mlinda mlango wa akiba, akapata nafasi Juni mwaka huo baada ya Bernd Leno kuumia, kisha akahamia Villa Septemba. Bei ilimhesabu kama mtu wa akiba huku uwanjani akiwa ameshakuwa mtu wa kwanza.

Waafrika Mashariki walioko Marekani, ambao watoto wao huwavuta kwenye kandanda ya Kimarekani, huitambua hesabu hii mara moja. Huko mchezaji anayegombewa ni kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Washiriki huchagua kwa zamu, na aliyekwisha kuchukuliwa hachukuliwi tena. Timu za ligi ni 32, lakini katika kundi la washiriki 12 ambapo kila mmoja huchezesha kwotabeki mmoja, wazuri hubaki wengi. Mwenye subira hutumia zamu zake za mwanzo kwingine. Mwaka 2019 wengi walichelewa kumchukua Lamar Jackson wa Baltimore kwa kuwa waliitilia shaka mirusho yake. Walisahau kwamba kwa kawaida yadi 10 za kukimbia huleta pointi moja, ilhali za kurusha zinahitajika 25. Alikimbia yadi 1,206, akarusha mipira 36 ya kufunga, na wanaosubiri wakacheka.

Nje ya lango dalili hazitofautiani sana. Riyad Mahrez, aliyejiunga na Al-Ahli ya Jeddah Julai 2023, aliwahi kuuzwa kwa paundi milioni 5.5 mwanzoni mwa msimu wa 2015/16. Alifunga mabao 17 na Leicester ikatwaa ubingwa. Mwaka 2019 John Lundstram wa Sheffield United aliorodheshwa kama beki wa milioni 4.0 wakati kocha alimchezesha kiungo. Novemba mwaka huo alifunga mabao mawili dhidi ya Burnley: 12 za mabao ya beki, 4 za kutofungwa, 2 za dakika na 3 za nyongeza, jumla 21 kwa siku moja. Cole Palmer naye aliingia Chelsea Septemba 2023 kwa milioni 5.0, akakabidhiwa penalti na kumaliza na mabao 22, tisa kati yake yakiwa ya penalti. Mimi huuliza kwanza nani anapiga penalti, ndipo niangalie jina.

Liko jambo moja ambalo wa Aziziya hana budi kulipima kuliko wa Tanga. Mchezo ni wa bure, lakini vikundi vingi huchanga fedha za kweli, mshindi akachukua zote. Nyumbani watu huziita za soda. Saudi Arabia kamari imepigwa marufuku, na mgeni anayeishi kwa iqama hawezi kujitetea kwamba zilikuwa za soda. Anachokiweka rehani ni kazi, na pamoja nayo ada ya shule anayoituma kila mwezi. Vikundi vyenye busara hushindania ubishi mtupu, au aliyeshika mkia huwapikia wenzake Ijumaa.

Bila fedha mezani mtu huweza pia kujiruhusu mapenzi. Februari 1, 2020 Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, aliifungia Aston Villa bao katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth. Nilimnunua usiku ule ule. Hakufunga tena katika ligi hiyo, na Septemba alihamia Fenerbahçe, mwezi ule ule Martínez alipowasili Villa. Hesabu zote nilizozieleza hapa nilikuwa nazijua. Samatta alikaa kwenye kikosi changu hadi msimu ulipokwisha.