Herufi tano za uhai na siri ya Homa ya Bonde la Ufa

MWAKA wa 1930, wanakondoo katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha walianza kufa kwa wingi, nao kondoo wazazi wakatupa mimba. Wataalamu Daubney, Hudson na Garnham waliuchunguza mkasa huo, na mwaka wa 1931 wakautangazia ulimwengu ugonjwa mpya: Homa ya Bonde la Ufa.

Ugonjwa huu husababishwa na virusi vinavyoenezwa na mbu. Binadamu naye huambukizwa agusapo damu au viungo vya mnyama mgonjwa. Lakini je, virusi hivyo hutambuliwaje maabarani? Jibu limo katika besi za nitrojeni, yaani herufi zinazotumika kuandika maagizo ya uhai.

Herufi hizo ni tano. Adenini, guanini na sitosini hupatikana katika DNA na vilevile katika RNA. Ya nne ndiyo hutofautiana: DNA hutumia thaimini, ilhali RNA hutumia urasili. Guanini hushikana na sitosini, nayo adenini hushikana na thaimini au urasili.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Mara kwa mara sitosini huharibika na kugeuka urasili. Katika DNA, urasili ni mgeni, hivyo seli humtambua na kumwondoa. Katika RNA urasili ni mwenyeji, na kosa kama hilo halionekani.

Virusi vya homa hii havina DNA. Urithi wavyo wote ni RNA yenye takriban herufi 12,000, iliyogawanyika katika vipande 3. Vinapojinakili havina msahihishaji, ndiposa makosa hubaki na virusi kubadilika.

Kipimo cha PCR hunakili DNA pekee. Kwa hivyo, kwanza RNA ya virusi huandikwa upya kuwa DNA, thaimini ikichukua nafasi ya urasili. Kisha vipande vifupi vya DNA vilivyotayarishwa mahsusi hutafuta herufi zinazolingana navyo. Vikizipata na kushikana nazo, virusi vimepatikana.

Hata hivyo, RNA huvunjika upesi kuliko DNA. Sampuli ya damu iliyoachwa juani kutwa nzima yaweza kuonyesha kuwa hakuna virusi, kumbe vilikuwapo. Ndiyo sababu huhifadhiwa katika baridi na kufikishwa maabarani bila kuchelewa.

Mkurupuko wa 2006 hadi 2007 uliwaua zaidi ya watu 150 humu nchini. Mfugaji wa Gilgil, Naivasha au Subukia anayeona kondoo wake wakitupa mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa asimchinje hata mmoja, wala asiguse mizoga kwa mikono mitupu. Amwite daktari wa mifugo siku iyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.