Burnusi na Hukumu Yake kwa Aliyehirimia

Msimu wa baridi, Muzdalifa usiku si mahali pa mchezo. Haji wetu aliyetoka pwani, asiyezoea baridi, hutazama shuka zake mbili, kisha hutazama koti lenye kofia lililomo mkobani. Alivae?

Waarabu wa kale walikuwa na vazi la namna hiyo, burnusi (wingi wake baraanis): joho ambalo kofia yake imeshonwa pamoja nalo. Tusilichanganye na joho la Kiomani tulilolizoea, maana hilo halina kofia. Mpaka leo burnusi la sufi ni vazi la heshima Algeria na Morocco. Imam Bukhari ameliwekea mlango wake katika Kitabu cha Mavazi, na humo imepokewa kwamba Anas bin Malik (r.a.) alionekana amevaa la manjano. Tena Sayyidna Umar (r.a.) alipochomwa kisu msikitini mwaka wa 23 Hijria, Muislamu mmoja alimtupia muuaji burnusi ili kumnasa. Kwa hiyo lenyewe ni halali.

Katika ihramu mambo ni mengine. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa mwenye kuhirimia avae nini, alitaja asivyovaa: kanzu, vilemba, suruali, burnusi na khofu. Burnusi limekusanya makatazo mawili, kushonwa kwa umbo la mwili na kufunika kichwa. Ibn Umar (r.a.), mpokezi wa hadithi hiyo, aliposhikwa na baridi Naafi' akamtupia burnusi, naye akamlaumu papo hapo.

Je, kulitupia mabegani tu ni kuvaa? Kanzu ukijitanda kama shuka, bila kuingiza kichwa wala mikono, hujaivaa. Lakini burnusi huvaliwa hivyo hivyo, kwa kutupiwa mabegani! Wanazuoni wa Kishafi wameeleza kuhusu joho kwamba aliyelala akajifunika nalo, ikawa akisimama halikai mwilini bila kulishika, hana fidia. Blanketi halina neno, maadamu kichwa ki wazi.

Mwenye kudhurika na baridi na avae, hana dhambi, ila atoe fidia: afunge siku 3, au alishe maskini 6, kila mmoja vibaba 2, au achinje mbuzi. Aliyevaa kwa kusahau, akakumbuka akavua mara moja, kwa Mashafi hadaiwi kitu. Wanawake hawamo katika katazo hili. Wao wamekatazwa niqabu na glavu.