Upepo Ndani ya Goti

Kiswahili kina nadharia yake kuhusu hali ya hewa na maungo, nayo imejificha ndani ya jina la ugonjwa. Maumivu ya viungo tunayaita baridi yabisi, na yabisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kavu. Nyuma ya jina hilo upo utabibu wa Waarabu, ambao nao waliupokea kutoka kwa Wayunani ule mpango wa kugawa kila kitu kwa joto na baridi, ukavu na umajimaji. Kwa hesabu hiyo, aliyekakamaa magoti amezidiwa na baridi na ukavu. Ukienda China, baridi unaikuta pale pale, ila mwenzake amebadilika: si ukavu tena, ni unyevu, na wa tatu wao ni upepo. Inashawishi kuona hapo ubishi wa wazee wawili wanaotabiri mvua kwa magoti yao, kisha kuwapuuza wote wawili. Naona hiyo ni haraka. Katika tiba ya Kichina maneno ya hali ya hewa hufanya kazi mbili, kueleza chanzo cha maumivu na kuyapambanua maumivu yenyewe. Kazi ya kwanza wameikosea kwa sehemu kubwa. Ya pili waliifanya vizuri kuliko tunavyowapa sifa.

Kitabu cha msingi cha tiba hiyo, Huangdi Neijing, kilikusanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na kina sura nzima juu ya kile Wachina wanachokiita bi, yaani kuziba. Mafundisho yake ni kwamba upepo, baridi na unyevu huuvamia mwili kwa pamoja, vikazuia mwendo wa damu na wa qi, ile nguvu ya uhai. Palipoziba ndipo panapouma. Ila wavamizi hawa hawalingani nguvu. Ukitawala upepo, maumivu huhamahama: leo bega, kesho kifundo cha mguu. Ikitawala baridi, maumivu ni makali, hayabanduki mahali pake, na hutulia yakipata joto. Ukitawala unyevu, kiungo huwa kizito na kuvimba, kama kilichofungwa gunia bichi. Matabibu wa baadaye wakaongeza aina ya joto, ya kiungo chekundu kinachochoma ukikigusa. Sasa weka pembeni upepo na unyevu, uangalie mgawanyo wenyewe. Vitabu vya leo vya udaktari vinasema maumivu yanayoruka kutoka kiungo kimoja hadi kingine ni mojawapo ya dalili za homa ya baridi yabisi, ile inayoweza kuharibu moyo wa mtoto. Kiungo chekundu chenye moto humfanya daktari afikirie jongo au usaha. Tabibu wa enzi ya Neijing hakuwa na maabara. Alikuwa na maswali, tena mazuri: yanahama au yanakaa? Yanapenda joto au yanalikimbia? Pana uzito au pana ukali?

Mazingira nayo yalichangia. Katika bonde la mto Yangtze, Juni na Julai huja mvua ziitwazo meiyu, za msimu wa kuiva plamu, zinazonyesha siku nyingi mfululizo. Kuta hutoa jasho, nguo kabatini huota ukungu. Aliyekaa katika nyumba ya namna hiyo hahitaji kitabu kumfundisha kwamba unyevu hupenya. Kaskazini, kwenye majira ya baridi kali, magoti ya wazee yana jina lake la mtaani, laohantui, miguu ya zamani yenye baridi, na mtu huonywa tangu ujana asiyaache wazi. Tiba imefuata fikra hiyo hiyo. Majani ya pakanga ya Kichina hukaushwa, hutwangwa mpaka yawe laini kama pamba, kisha huviringwa kwa karatasi yakawa kama sigara nene. Ncha huwashwa na kushikwa sentimita mbili tatu juu ya goti, bila kuligusa, mpaka ngozi iwe nyekundu na chumba kijae moshi wenye harufu chungu. Mgonjwa hupata nafuu, na hilo halishangazi: joto hulegeza misuli iliyokaza.

Lakini je, mvua huleta maumivu? Mwaka 1996 Donald Redelmeier na Amos Tversky walichapisha matokeo ya wagonjwa 18 wa baridi yabisi waliofuatiliwa kwa miezi 15. Karibu wote waliamini hali ya hewa inawaumiza; takwimu zao hazikuonyesha uhusiano wowote. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipitia ziara zaidi ya milioni 11 za wazee kwa madaktari: siku za mvua, asilimia 6.35 ya ziara zilihusu viungo au mgongo. Siku kavu, asilimia 6.39. Lakini mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Manchester kilitoa matokeo ya watu 2,658 wa Uingereza waliojaza hali zao kila siku kwenye simu, na humo unyevunyevu, upepo mkali na kushuka kwa kanieneo ya hewa viliendana na siku za maumivu zaidi. Angalia: unyevu na upepo, wawili kati ya wale watatu wa Neijing. Mshabiki wa tiba ya Kichina atashangilia, nami ningemwomba asubiri kidogo. Kwa mtu mwenye nafasi 5 kati ya 100 za kuamka na siku mbaya, hali mbaya kabisa ya hewa humfikisha kwenye 6. Mgonjwa wa maumivu sugu anaweza kuuona utofauti huo, lakini hautoshi kubebeshwa ugonjwa mzima.

Mtetezi wa tiba hiyo ana jibu, na si jibu dhaifu. Neijing yenyewe inasema upepo na mvua peke yake havimdhuru mtu. Hupita pale mwili ulipopungukiwa. Kwa hiyo wastani wa watu wengi namna hiyo unawachanganya walio na mlango wazi na walioufunga, na athari inapotea katikati. Shida ya jibu hili ni kwamba halishindwi kamwe. Mvua ikinyesha ukaumwa, upepo umeingia. Usipoumwa, mlango ulikuwa umefungwa. Nadharia isiyoweza kukosea haiwezi pia kumwambia mgonjwa lolote la uhakika kuhusu kesho yake. Penye mambo yanayopimika, imeyumba. Majaribio makubwa ya Ujerumani yaliyochapishwa mwaka 2007 yaliwagawa wenye maumivu sugu ya mgongo makundi matatu. Baada ya miezi sita, kati ya waliochomwa sindano kwa kanuni za Kichina, kwenye njia zinazosemwa kuwa za qi, asilimia 47.6 walipata nafuu; kati ya waliochomwa juujuu, mahali pasipo maana, asilimia 44.2; kati ya waliopewa matibabu ya kawaida, asilimia 27.4. Sindano zilisaidia. Ramani ya njia za qi haikuongeza kitu cha kutajika.

Kosa la kueleza chanzo lina gharama. Baridi yabisi ile halisi, ambamo kinga ya mwili hushambulia viungo vya mwili huo huo, hula mifupa kimyakimya wakati mgonjwa anazungushia goti kitambaa cha sufu. Na dawa ya kufukuza baridi inaweza kuwa fuzi, mzizi wenye sumu usiotumika bila kutayarishwa kwanza na kuchemshwa muda mrefu. Ukiharakishwa jikoni, huvuruga mapigo ya moyo. Hata hivyo uangalizi wa wahenga hao haukuwa bure. Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alitoa artemisinini, msingi wa dawa mseto tunazomeza kwa malaria, katika pakanga nyingine baada ya kusoma maelekezo ya Ge Hong wa karne ya nne, kwamba mmea ulowekwe na kukamuliwa. Ge Hong hakujua habari ya mbu. Mmea wa leigongteng umepita njia kama hiyo: ulitumika kwa bi, ukajaribiwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi, ukaonekana kutuliza kinga ya mwili. Hakuna aliyeukuta upepo humo. Walichokikuta ni kemikali inayopunguza uvimbe, na ambayo pia hupunguza mbegu za kiume na kuumiza figo.