Nderema: Ua na Mboga ya Bondeni

Ndugu mwanafunzi, pale shambani maji yanapotuama hata maharage yakaoza, usipaache bure. Panda nderema. Mmea huu unaotambaa ni wa kwetu Usambara, huota wenyewe kando ya vijito, na wapo wanaoung'oa wakidhani ni gugu! Kata shina lenye vifundo vinne, fukia viwili, kisha simika mti wa kuparamia. Inua tuta kidogo, kwani nderema hupenda unyevu lakini haipendi kuzama. Vimaua vyake ni vidogo, vyeupe vyenye wekundu. Baadaye huja vitunda vyeusi. Maji yake ya zambarau yakigusa kanzu, ni kazi kuyatoa. Chuma ncha na majani machanga, nayo itachipua tena pembeni.