Ankara ya kila mwezi yaweza kukudai kodi kabla mteja hajalipa

Na Mwandishi Wetu, Singida

Wenye maghala na nyumba za biashara mkoani Singida wanaotumia programu za hesabu wanashauriwa kukagua mpangilio wa ankara zinazojirudia kabla ya kila msimu wa alizeti. Mpangilio huo huokoa muda, lakini ukiachwa bila msimamizi huweza kuzaa deni la kodi ambalo fedha yake haijaingia.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Mwenye biashara huandika mara moja jina la mteja, kiasi, tarehe ya kuanza na siku za kulipa. Kompyuta hutoa ankara kila mwezi. Katika QuickBooks ya mtandaoni unaweza kuchagua ankara itoke yenyewe au programu ikukumbushe kwanza. Xero nayo huruhusu ankara ibaki rasimu mpaka uipitishe.

Tofauti hiyo ndogo ina uzito. Kwa Sheria ya VAT ya 2014, kodi huanza kudaiwa ankara inapotolewa, fedha inapopokelewa au huduma inapotolewa, lolote litakalotangulia. Ritani na malipo hufanyika ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Tuchukue mfano wa ghala lenye pango la shilingi 1,000,000 kwa mwezi, mwenyewe akiwa amesajiliwa VAT. Kwa kiwango cha asilimia 18, ankara ya Mei mosi ni shilingi 1,180,000. Mpangaji akipewa siku 60, shilingi 180,000 za TRA zitatakiwa Juni 20 kutoka mfukoni mwa mwenye ghala.

Hatari ya pili ni msimu. Mkoani humu wapangaji wengi wa ghala huja na mavuno na kuondoka alizeti ikishakamuliwa. Kompyuta haijui kwamba ghala ni tupu. Mpangaji akihama mwisho wa Julai na mpangilio usisimamishwe, ankara za Agosti, Septemba na Oktoba zitaonyesha VAT ya shilingi 540,000 isiyo na mlipaji. Kila moja itahitaji krediti noti kuifuta.

Hatari ya tatu ni kodi ya zuio. Mpangaji ambaye ni kampuni hukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Katika mfano wetu atalipa shilingi 1,080,000. Zile 100,000 zisipoingizwa vitabuni kwa hati ya zuio, programu itaendelea kumdai mteja asiyedaiwa, na mwenye ghala atapoteza kumbukumbu ya kodi aliyokwisha kukatwa.

Ikumbukwe pia kwamba ankara ya kompyuta haichukui nafasi ya risiti ya EFD, mashine zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, isipokuwa programu imeunganishwa na mfumo huo.

Kwa hiyo, kwa mteja wa msimu weka tarehe ya mwisho inayolingana na mkataba, na uchague kukumbushwa badala ya kuiacha kompyuta itoe ankara yenyewe. Siku za kulipa ziishe kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ankara inayotoka yenyewe iachiwe mpangaji wa mwaka mzima anayelipa kwa wakati.

Dakika kumi za kupitia orodha hiyo kila mwisho wa mwezi ni nafuu kuliko kukopa ili kulipa kodi ya ghala tupu.